Kichupa Kisichokaguliwa na Mtu

 

Ukimpeleka zahanati mtoto mwenye homa, mhudumu humchoma kidole, huchukua tone la damu, hulidondoshea kwenye kile kidude cheupe cha plastiki, kisha huongeza matone ya maji ya kipimo. Mnakaa dakika 15 au 20. Ukitokea mstari mmoja kwenye herufi C, kipimo kimefanya kazi na vimelea havikuonekana. Ikitokea mistari miwili, C na T, mtoto ana malaria, na dawa mseto hutolewa palepale. Sidhani kama kuna mzazi wa Ileje, huku kwetu Songwe, ambaye hajawahi kukikodolea macho kidude hicho roho ikiwa juu.

Mstari wa T unatokeaje? Ndani ya plastiki kuna kitepe, na mahali penye T wamepaka kiwandani kitu kisichoonekana kwa macho: kingamwili. Hii ni protini iliyotengenezwa ili iitambue protini moja inayotolewa na kimelea cha malaria, iitwayo HRP2. Kingamwili nyingine, iliyobebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu, husafiri pamoja na damu kwenye kitepe. Protini ya malaria ikiwepo hunaswa katikati ya kingamwili hizo mbili, chembe za dhahabu hurundikana mahali pamoja, nawe unaona mstari mwekundu. Kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, isipokuwa kinachonaswa ni homoni ya ujauzito. Na wanaohudhuria kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU, wanajua kuhesabiwa CD4. Hesabu hiyo nayo hufanywa kwa kingamwili iliyotiwa rangi, ambayo hujishikiza kwenye seli zenye CD4 ili mashine izione.

Kwa hiyo kingamwili imeshafika Ileje, hata kule Mbebe, siku nyingi. Ninayotaka kuizungumzia leo ni ile isiyofika zahanati, inayokaa kwenye friji za maabara za utafiti katika kichupa kidogo, ambacho ujazo wake wote mara nyingi ni kama matone mawili ya maji na bei yake ni mamia ya dola.

Vipimo vya zahanati vina walinzi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina wajibu wa kuvisimamia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na taasisi ya FIND walianza kuvipima vipimo vya malaria vya kampuni mbalimbali kwa sampuli zilezile, wakichapisha matokeo, kilichofanya vizuri kikajulikana na kilichoshindwa kikajulikana. Kingamwili ya utafiti haina mlinzi wa namna hiyo. Kichupa chake kimeandikwa kwamba ni kwa matumizi ya utafiti pekee, na maneno hayo maana yake ni kwamba hakuna mamlaka ya dawa iliyokikagua. Kampuni inasema kingamwili yake inaitambua protini fulani. Mnunuzi ama aamini, ama athibitishe mwenyewe.

Mimi nasema athibitishe. Na nasema zaidi: kazi ya kuthibitisha ni utafiti kamili, na hapa nchini inastahili kutengewa fedha, kufundishwa vyuoni na kuhesabiwa katika kumpandisha mtu cheo. Mfano nitakaoutumia unatugusa moja kwa moja, kwa sababu ni wa sikoseli, selimundu kama wanavyoiita wataalamu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye sikoseli duniani. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto wapatao 11,000 kwa mwaka. Sababu ya wingi huo ni malaria yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Akirithi kwa wazazi wote wawili, ndipo anaugua. Kosa lenyewe kwenye himoglobini, ile protini inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu, ni la amino asidi moja iliyokaa mahali pa nyingine. Moja tu, lakini inatosha kuifanya chembe ijikunje kama mundu, izibe mishipa midogo, na ilete maumivu ambayo mtu mzima hulia nayo.

Sasa kuna jambo ambalo mama yeyote mwenye mtoto wa sikoseli analifahamu hata kama hajaambiwa sababu. Miezi ya mwanzo mtoto yuko salama. Ananyonya, anacheka, uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Kisha, karibu na nusu mwaka au baada ya hapo, vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanageuka manjano, na usiku hakulaliki. Watu hutafuta aliyemroga. Daktari mmoja wa watoto huko Brooklyn, Marekani, Janet Watson, alilitazama jambo hilo mwaka 1948 akatoa hoja ambayo imesimama mpaka leo: mtoto mchanga analindwa na himoglobini aliyokuja nayo kutoka tumboni. Tukiwa tumboni tunatumia himoglobini ya aina yake, ambayo haina kosa la sikoseli. Baada ya kuzaliwa, mwili huifunga polepole na kufungulia ile ya ukubwani. Kwa mtu mzima wa kawaida, iliyobaki ya tumboni haifiki hata asilimia moja.

Nani anayeifunga? Hilo liliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, maana ukimjua anayefunga unaweza kumzuia asifunge.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 2007 na 2008. Watafiti wa London na wengine waliofanya kazi na wakazi wa kisiwa cha Sardinia, Italia, walilinganisha vinasaba vya watu wenye himoglobini nyingi ya tumboni na wenye kidogo, na sehemu moja ya kromosomu ya pili ikajitokeza. Hapo ndipo inapokaa jeni iitwayo BCL11A. Mwaka huohuo wa 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, wakaonyesha maabara kwamba ukipunguza protini ya BCL11A ndani ya chembe zinazokua kuwa damu, himoglobini ya tumboni inarudi. Kumbe protini hii ni msimamizi. Yenyewe haibebi hewa, haipigani na vijidudu, wala haijengi misuli. Kazi yake ni kukaa juu ya DNA na kuamuru jeni fulani zinyamaze.

Swali lililofuata lilikuwa letu. Je, kilichoonekana kwa Wazungu kinahusu pia wagonjwa wa Afrika, ambao ndio wengi? Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwa tayari. Tangu mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walikuwa wakiandikisha na kufuatilia wagonjwa wa sikoseli, wakiweka kumbukumbu na sampuli za damu. Mwaka 2011 Makani, Siana Nkya, Stephan Menzel na wenzao wakachapisha katika jarida la Blood matokeo ya wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza: tofauti za vinasaba kwenye eneo la BCL11A zinaathiri kiasi cha himoglobini ya tumboni kwa Watanzania pia. Mwaka 2014 Siana Nkya na wenzake wakatoa uchunguzi mwingine uliopekua vinasaba vyote vya wagonjwa wa Tanzania kutafuta vinavyosukuma kiwango hicho. Sisiti kusema kwamba hii ni kazi ya kujivunia. Watoto waliochomwa sindano kliniki pale Muhimbili wamo ndani ya elimu hii, kwa damu yao hasa.

Lakini vinasaba vinakuonyesha mahali tu. Vinakuambia: tazama hapa kwenye kromosomu. Havikuambii kama protini yenyewe ipo ndani ya chembe, ipo kiasi gani, ni ya umbo gani, na imekaa juu ya sehemu ipi ya DNA. Hayo yote huulizwa kwa kingamwili.

Hebu tuingie maabara tutazame kwa karibu. Mtafiti anapasua chembe kwa maji ya sabuni maalumu, anapata mchuzi wenye maelfu ya protini zilizochanganyika. Anaupasha moto protini zikunjuke, anaumimina kwenye vishimo vya jeli nyembamba, anawasha umeme. Protini ndogo hukimbia chini, kubwa hubaki juu. Zikishajipanga kwa ukubwa, anazihamishia kwenye utando mweupe kama karatasi. Mpaka hapo utando hauonyeshi kitu. Ndipo anapoumwagia kingamwili ya BCL11A, anauacha usiku kucha kwenye baridi ukitikiswa taratibu, anausuuza mara kadhaa, anaongeza kingamwili ya pili yenye kimeng'enya kinachotoa mwanga, kisha anaupiga picha. Panajitokeza mstari mweusi. Mtafiti anasema: hii ndiyo BCL11A.

Ni kweli ndiyo? Hapo ndipo penye kazi.

Fikiria askari wa mpakani Tunduma aliyeambiwa atafute lori moja kati ya mamia yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Anayejua namba ya gari atalikamata hilohilo. Aliyeambiwa tu kwamba ni jekundu atasimamisha kila lori jekundu, na jioni ataandika ripoti kwamba kazi imefanyika. Kingamwili inaweza kuwa askari wa kwanza au wa pili, na kwenye utando wote wawili huacha mstari mweusi unaofanana.

Kwa BCL11A hatari hiyo ni kubwa, nami nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo panaponivutia zaidi. Kwanza, protini hii ina ndugu aitwaye BCL11B, anayefanana nayo sehemu kubwa. Huyo hupatikana zaidi kwenye seli T za kinga, ilhali BCL11A hupatikana kwenye seli B, kwenye ubongo, na kwenye chembe zinazokua kuwa damu nyekundu. Kingamwili iliyolengwa kwenye sehemu ambayo ndugu hawa wanashiriki itawashika wote wawili. Pili, jeni moja ya BCL11A hutoa protini za urefu tofauti, ndefu na fupi. Zile ndefu ndizo zenye mkia wa kushikia DNA kwenye jeni za himoglobini. Kundi la Boston liliona mwaka 2008 kwamba chembe za ukubwani zina maumbo marefu, na za tumboni zina mafupi zaidi. Sasa ukinunua kingamwili inayotambua mwanzo wa protini, itakuonyesha ndefu na fupi pamoja. Ukinunua inayotambua mkia, itakuonyesha ndefu peke yake, na unaweza kuandika kwamba chembe za tumboni hazina BCL11A kabisa. Watafiti wawili, chembe zilezile, majibu mawili, na kila mmoja ana picha yake.

Tatu, uzito. Ukihesabu amino asidi zake 835, umbo refu kabisa linapaswa kuwa na uzito wa kilodaltoni 91 hivi. Kwenye jeli hubaki juu zaidi ya hapo. Mwanafunzi asiyejua hilo, akiona mstari uko juu ya alama aliyoitarajia, ataukataa mstari wa kweli na kuuchukua wa uongo ulioko chini yake kwa sababu namba inalingana.

Kisha kuna kazi ngumu kuliko hiyo: kujua BCL11A inakaa wapi juu ya DNA. Hapo kingamwili hutumiwa kama ndoana. Inaivua protini ikiwa bado imeshikilia kipande chake cha DNA, halafu kipande kinasomwa. Kwa miaka kadhaa baada ya 2008 njia hii iliionyesha BCL11A kwenye sehemu mbalimbali za ukanda wa jeni za himoglobini, lakini haikuionyesha kwenye mlango wenyewe wa jeni ya himoglobini ya tumboni, mahali ambapo mtu angetegemea kuikuta. Watu wakajenga nadharia za jinsi inavyofunga ikiwa mbali. Mwaka 2017 Peter Skene na Steven Henikoff wa Seattle walitangaza njia mpya: kingamwili inaingizwa ndani ya kiini cha seli, inajishikiza kwenye protini, kisha inaita kimeng'enya kinachokata DNA palepale ilipo, na vipande hutoka safi bila uchafu mwingi. Mwaka 2018 kundi la Orkin likaitumia kwa BCL11A na jibu likatoka. Protini inakaa mlangoni kabisa, kwenye herufi sita za DNA, TGACCA, zilizo kama hatua 115 kabla ya jeni kuanza. Na tazama uzuri wake: walikuwa wakijulikana watu ambao maisha yao yote hawakuzima himoglobini ya tumboni, na baadhi yao wana kasoro ya herufi moja mahali hapohapo. Mwaka huo watafiti wa Australia nao walifika kwenye mlango huo kwa kuzichunguza kasoro hizo.

Miaka kumi ilipita kati ya kulijua jina la msimamizi na kukiona kiti chake. Sina maana kwamba kingamwili ndiyo pekee iliyochelewesha. Ninachosema ni kwamba katika utafiti wa protini za namna hii, usichokiona huenda hakipo, na huenda kipo ila chombo chako hakioni, na njia pekee ya kutofautisha ni kukijua chombo chako.

Kutokana na elimu hii imetoka tiba. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba 2023 Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, kwa mkasi wa CRISPR wanaharibu swichi inayowasha BCL11A kwenye chembe nyekundu tu, wanasafisha uboho wake kwa dawa kali, wanamrudishia. Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo mwaka 2019, akiwa wa kwanza Marekani kwa sikoseli. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Siwezi kuitaja namba hiyo kwenye redio ya Songwe bila uchungu. Kwa sasa mtoto wa Mbebe ana haidroksiyurea, kidonge ambacho nacho huongeza himoglobini ya tumboni, na ambacho majaribio yaliyofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba kinapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vya watoto. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza uboho watoto wa sikoseli wenye ndugu anayelingana nao. Hizo si habari ndogo. Lakini watakaotafuta dawa ya bei ya kidonge inayoizuia BCL11A, na wapo wanaoitafuta, watahitaji kila siku kuuliza swali moja: protini imepungua au haikupungua? Nalo hujibiwa kwa kingamwili.

Kwa hiyo ubovu wa kingamwili si hasara ya kampuni wala ya mwanafunzi mmoja. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika katika jarida la Nature kwamba kati ya dola bilioni 1.6 zinazotumika kila mwaka duniani kununulia kingamwili za utafiti, karibu nusu hupotelea kwenye zisizofaa. Mwaka 2023 kundi lenye kitovu chake Montreal, Kanada, liitwalo YCharOS, lilichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 za kampuni mbalimbali zilizotengenezwa kwa ajili ya protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa angalau katika aina moja ya kazi. Na hili ndilo lililonitisha: kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala kama 12 zilizokwisha kuchapishwa zikitegemea kingamwili ambayo haiitambui protini inayohusika. Kuna wasomi waliosoma makala hizo wakajenga juu yake, na kuna wagonjwa waliotoa damu kwa ajili yake.

Namna ya kupima haina siri. Unachukua seli ambazo unajua zina protini yako, na seli zilezile ambazo umeziondolea jeni ya protini hiyo kwa CRISPR. Unaziweka ubavu kwa ubavu kwenye jeli moja. Mstari ukionekana kwenye za kwanza na ukakosekana kwenye za pili, kingamwili inasema kweli kwa kazi hiyo. Mstari ukibaki pote pawili, kichupa hakifai hata kama lebo yake inang'aa. Na kufaulu kwenye utando hakumaanishi kufaulu kwenye DNA ndani ya kiini, ambako protini bado imejikunja. Kila kazi ina mtihani wake.

Asili ya kingamwili nayo inahusika. Ya zamani hutoka kwenye damu ya sungura aliyechomwa protini, na ni mchanganyiko wa nyingi. Sungura akifa, mchanganyiko ule umekwisha, wa sungura mwingine ni mwingine, ingawa kichupa kinaweza kuendelea na namba ileile ya katalogi. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja bila mwisho. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Siku hizi zipo zinazotengenezwa kutokana na herufi za jeni ya kingamwili yenyewe, ambazo yeyote mwenye herufi hizo anaweza kuzizalisha tena zilezile. Katika mtihani wa YCharOS, hizi ndizo zilizofanya vizuri zaidi. Ningekuwa na fedha ya kichupa kimoja, ningenunua ya aina hiyo.

Huenda unaniuliza, msikilizaji, haya ya kutengeneza na kupima kingamwili tutayaweza? Yameshawezekana hapa Afrika Mashariki kabla hata wanafunzi wa leo hawajazaliwa. Ukifuga ng'ombe Songwe unaijua ndigana kali. Maabara ya ILRAD, Nairobi, ambayo mwaka 1994 iliunganishwa kuwa ILRI, mapema miaka ya 1980 ilikuwa ikitengeneza kingamwili za ukoo mmoja kwa mbinu ya Köhler na Milstein, na kwa hizo ikatofautisha aina za kimelea cha ndigana, Theileria parva. Ilikuwa kazi iliyofanyika Afrika Mashariki, kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki, juu ya ugonjwa wa Afrika Mashariki. Elimu ya kulisha seli hizo kila siku na kuzihifadhi kwenye naitrojeni ya maji ilikuwa kwenye maabara hiyo wakati ule, na bado ipo.

Na karibu zaidi nasi, Mbeya mjini, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimeshiriki majaribio ya chanjo ya VVU, kazi ambayo haiendi bila kingamwili zilizotiwa rangi na mashine za kuhesabia seli. Kijana wa Ileje anayesoma maabara anaweza kuona kwa macho yake vifaa ninavyovitaja bila kupanda ndege.

Kinachokosekana ni mambo ya kawaida kabisa. Vitendanishi hivi huagizwa nje, hulipiwa kwa dola, husafiri kwenye barafu, na vikichelewa uwanja wa ndege au umeme ukikatika, kingamwili iliyoganda na kuyeyuka mara nyingi hupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mtafiti aliyesubiri kichupa kwa wiki na wiki hana moyo wa kutumia sehemu yake kukijaribu. Anakwenda moja kwa moja kwenye sampuli za wagonjwa. Namwelewa, na bado nasema anakosea, kwa sababu sampuli ya mtoto wa kliniki hairudi, na kichupa kingine kinaweza kununuliwa.

Ningeomba wanaotoa fedha za utafiti, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wakiwa wa kwanza, waweke fungu maalumu la uthibitisho katika kila andiko linalotumia kingamwili. Vyuo vikubali ripoti ya mwanafunzi wa uzamili inayosema: nilipima kingamwili tano, tatu hazifai, picha zote hizi hapa. Leo ripoti kama hiyo inaonekana kama ya mtu aliyeshindwa kupata matokeo, ilhali imeokoa damu na fedha za wenzake wote watakaokuja. Maabara zishirikiane vichupa vilivyothibitishwa, na zipeane namba ya kundi la uzalishaji pamoja na tarehe kilipofunguliwa.

Pa kuanzia ni BCL11A yenyewe. Seli zinazokua kuwa damu nyekundu maabara, zenye jeni hiyo na zilizoondolewa, zimekwisha kutengenezwa na watafiti huzigawana. Madaktari waliosomea himoglobini ya tumboni wapo MUHAS, chuo kikuu cha Muhimbili. Wagonjwa waliobaki na kiwango cha juu cha himoglobini hiyo, na wenye cha chini, majina yao yamo kwenye madaftari ya kliniki kwa zaidi ya miaka 20. Zinunuliwe kingamwili zote za BCL11A zilizoko sokoni, zipimwe moja baada ya nyingine kwa utando na kwa DNA, kwa mwanzo wa protini na kwa mkia wake, na majibu yachapishwe wazi kwa majina ya kampuni na namba za katalogi, yasomwe bure Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda.